Vifuko vya Kitambaa cha Shela

Maabara ya mimea, ghorofa ya pili
Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa vidole. Vimekuwa vya zambarau tangu Jumatatu kwa sababu ya rangi tunayopaka mizizi, na hata chumvi na ndimu vimeshindwa kuitoa. Mama mwenye nyumba anaamini nafanya kazi kiwanda cha wino, nami nimemwacha hivyo hivyo maana kumweleza ukweli ni kazi ya siku nzima. Mwambie Baba barua yake imefika na nimecheka peke yangu kuhusu magoti yanayotabiri mvua. Nakula vizuri, usianze.

Sasa jambo lenyewe. Unayakumbuka yale maua ya njano mteremkoni nyuma ya kibanda chako cha ushonaji, uliyokuwa unanikataza nisiyachezee nikachafua gauni? Ndiyo kazi yangu siku hizi. Wewe unayaita yote magugu, kumbe ni ndugu watatu wanaofanana. Mimi nawaita Mfupi, Wa Kati na Mrefu. Mfupi anafika kwenye kifundo cha mguu, Wa Kati kwenye goti, na Mrefu anakugusa kiuno. Huwezi kuwachanganya.

Ndani ya kila seli ya mmea kuna vitu kama vipande vya uzi vinavyobeba urithi, vinaitwa kromosomu. Mfupi anazo kumi na nne, yaani seti mbili za saba saba. Mrefu anazo ishirini na nane, seti nne. Wa Kati anazo ishirini na moja, seti tatu, na hapo ndipo penye kasheshe. Mmea ukitaka kuzaa na mwenzake lazima ugawe nyuzi zake nusu kwa nusu, na seti tatu hazigawiki. Basi Wa Kati akaamua asihangaike. Anatengeneza mbegu mwenyewe bila chavua ya mtu, na watoto wote wanatoka sura yake. Mfupi hawezi hivyo. Asipoletewa chavua ya mmea mwingine, hapati hata mbegu moja. Mrefu hupenda wageni, lakini akiwakosa anajitegemea.

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba huyo Wa Kati ni shangazi yangu kabisa: mwanamke na cherehani yake, hamhitaji mtu. Alicheka sana.

Ombi langu ni hili. Nishonee vifuko vidogo vya kitambaa chepesi ambacho nyuki hapenyi. Uvivishe matumba ya maua kabla hayajafunguka, ufunge kwa uzi: mwekundu kwa Mfupi, wa buluu kwa Wa Kati, mweusi kwa Mrefu. Chavua yao inanata, haipeperuki, inabebwa na nyuki tu. Kifuko kikishafungwa kisifunguliwe mpaka mbegu zikomae. Mimi nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi Aprili, siwezi kuja. Tarehe 15 Julai nasimama mbele ya jopo la wataalamu wa chuo. Wakiyakubali matokeo yangu, naendelea na utafiti. Wakiyakataa, niandalie kiti hapo kibandani, nitakuja kushona vifungo.

Mimi mtoto wa kaka yako


Kibandani
Tarehe 3 Machi

Mwanangu mwenye vidole vya zambarau,

Marahaba. Huku wazima wote. Magoti ya baba yako yalitabiri mvua Jumanne, ikanyesha Ijumaa, na anadai ameshinda. Nina sare za shule hadi kwenye dari. Nasikia umemlalamikia baba yako kwamba sipokei simu. Simu ni ya wateja. Wewe nilikuandikia barua tangu ulipokuwa bweni, sioni kwa nini niache leo.

Vifuko vyako tayari, thelathini na sita, kumi na viwili kwa kila ndugu. Kitambaa ni cha shela ya bibi harusi, kile chepesi kabisa. Nyuki akija anagonga kichwa anarudi alikotoka. Usiniulize nimekipata wapi. Kilikuwepo, nimekikata, basi.

Mteremko ule si mchezo kwa umri wangu, lakini tulikwenda asubuhi jua likiwa bado changa na tukamaliza kabla ya mteja wa kwanza. Ukiyaona magugu yako yamevaa shela utacheka. Mama mmoja aliyeleta sketi ya kupunguzwa ameniuliza harusi ni ya nani. Nikamwambia ni ya magugu.

Na huyo msimamizi wako mwambie asicheke sana. Shangazi yako si mmea.

Mimi shangazi yako


Maabara
Tarehe 22 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini sare zimepungua na dari inaonekana tena. Wanafunzi wangu wanavunja vioo vya hadubini kana kwamba wanalipwa kwa kila kipande. Kazi yenyewe ni ya ubishi: unakata ncha ya mzizi, unaipaka rangi, unaiweka katikati ya vioo viwili kisha unaibana kwa kidole gumba. Ukibana kidogo, kromosomu zinabaki zimerundikana huwezi kuzihesabu. Ukizidisha, kioo kinalia "kaa" na asubuhi yako imekwisha. Msimamizi anasema nina kidole gumba cha fundi. Nimemwambia kimetoka kwako.

Asante sana kwa vifuko, umenifuta jasho. Lakini nina swali moja dogo. "Tulikwenda" wewe na nani? Baba na magoti yake hawezi. Na miaka yote hii nakujua hutaki hata mtu akushikie utepe wa kupimia.

Mimi mwenye swali


Kibandani
Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ameanza kujipikia, na jana amenikaribisha. Nilikula, niko hai. Paka wa mtaa amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya bitana, kwa hiyo koti la mwalimu mkuu litachelewa na yeye mwenyewe ameambiwa sababu.

Mbegu hizo nimekutumia zikiwa ndani ya vifuko vyake, kila kimoja na uzi wake na lebo yake. Lebo ni karatasi za kukatia mitindo. Sikufungua hata kimoja kuchungulia, ingawa nilitamani. Nilitazama kwa nje tu, kwa ile lenzi ndogo ya jichoni. Niliazimwa na fundi saa wa ng'ambo ya barabara, yule wanayemwita Dakika kwa sababu kila mteja anaambiwa asubiri dakika moja.

Kuhusu "tulikwenda", nilimaanisha mimi na miguu yangu.

Mimi shangazi yako


Maabara
Tarehe 20 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na leo shikamoo mara mbili. Kaa kwanza.

Vifuko vya Wa Kati vimejaa mbegu, kama nilivyotarajia. Vya Mrefu vina kiasi, sawa. Lakini Mfupi, Shangazi, yule asiyeweza kupata mbegu bila jirani, ana mbegu kwenye vifuko saba kati ya kumi na viwili. Nilidhani nimechanganya nyuzi. Nikamwita msimamizi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Anasema huenda Mfupi wa mteremko wako amejifunza kujizalisha mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kuliona wala kulisoma kwa ndugu hawa. Siku hizi ananisalimia kwanza yeye. Nilipotoka maabara nilijinunulia viatu, na nilivaa dukani pale pale.

Jopo litauliza jambo moja tu: je, vifuko vilibaki vimefungwa muda wote? Niandikie mistari miwili kwamba havikufunguliwa, uweke sahihi, nitaiambatanisha. Nimeshaanza kuiotesha mbegu yenyewe ili nihesabu kromosomu za miche.

Halafu huu mwandiko wa kwenye lebo ni wa nani? Wako naujua, unalala kama mtu amechoka. Huu ni wa tarakimu ndogo ndogo zilizosimama wima, kama za kwenye uso wa saa.

Mimi, mwenye viatu vipya


Kibandani
Tarehe 7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Viatu uvivae na soksi visije vikakuchubua. Watoto wa yule paka sasa wanakimbizana chini ya cherehani, wanne, na mmoja ana soksi nyeupe miguu mitatu. Mwalimu mkuu amepata koti lake, akasema linabana kwapani. Nikamwambia koti halijabadilika, aliyebadilika ni yeye. Baba yako sasa anatabiri hadi upepo. Bei ya zipu imepanda, na zenyewe zinafunguka katikati kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Nimefurahi sana kwa ajili yako, sijui nisemeje. Nimesoma barua yako mara nyingi.

Ile mistari miwili nitaiandika. Leo taa ya cherehani imeungua na sioni vizuri.

Mimi shangazi yako


Maabara
Tarehe 18 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaumwa? Baba anasema Jumapili mbili hujaenda kwake, nawe hukosi hata akipika mwenyewe. Juzi ulinipigia simu, wewe, simu, ukaniuliza kama huku kuna mawingu, kisha ukakata.

Mistari miwili haijafika. Na kuna jambo linanitatiza. Kama Mfupi amejizalisha mwenyewe, miche yake yote inapaswa kuwa na kromosomu kumi na nne kama yeye. Nimekuta miwili yenye ishirini na moja. Nimehesabu tena asubuhi nikiwa nimenywa chai na nimekula. Ishirini na moja. Msimamizi anasema nimechoka, nipumzike, tutawasilisha ile mbegu ya vifukoni na hiyo miche tuiache kwanza.

Shangazi, nisaidie. Hata kama ni jambo gani.

Mimi


Kibandani
Tarehe 25 Juni, kwa mkono wa dereva wa basi

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Barua hii nimempa dereva kwa sababu posta inatambaa, na ndani yake kuna jambo lisiloweza kusubiri. Nilikupigia simu nikuambie, lakini uliposema "haloo Shangazi" kwa ile sauti yako ya furaha, nikauliza mawingu.

Mistari miwili siwezi kuiandika, kwa sababu vifuko vya Mfupi vilifunguliwa.

Hakufungua mwizi wala mtoto. Alifungua Dakika, fundi saa. Yeye ndiye aliyepanda nami mteremko, yeye ndiye aliyeandika lebo, na yeye ndiye aliyeona huruma. Kila asubuhi alikuwa anatangulia, anayafungua maua yaliyo karibu na ardhi, yale anayoyafikia akiwa amekaa kwenye nyasi, yaani ya Mfupi, eti yapate hewa. Kwake yeye kitu chochote kilichofungiwa kitaharibika, hata saa lazima ifunguliwe mgongo mara moja moja. Halafu anashuka kunywa chai kwangu, kisha anapanda tena kuyafunga, mafundo safi kabisa. Nilimwona tangu katikati ya Machi na sikuona ubaya. Mimi nilidhani kufunga ni kufunga, bora mwisho wa siku yamefungwa. Hata nilipokuandikia kwamba sikufungua, nilikuwa nasema kweli yangu mimi. Ulipoandika habari za Mfupi kujifunza kuzaa peke yake ndipo nilipoelewa tumekufanyia nini, na nikakaa chini pale pale kwenye mabaki ya vitambaa.

Na hiyo chai, mwanangu, ilikuwa inarefuka. Mwanzoni kikombe kimoja, cha haraka, tumesimama. Kufikia mwisho wa Machi tulikuwa tumeshaweka meza. Tungekunywa upesi, huenda nyuki wasingewahi.

Sasa utauliza kwa nini sikukuambia mapema. Kwa sababu huwezi kueleza vifuko bila kueleza chai, na huwezi kueleza chai bila kueleza kwamba Januari alinitaka nimuoe. Alisema hivyo hivyo, "nioe wewe, mimi sina mdomo wa kuposa." Nikamwambia nitafikiri. Siku ile ile nikanunua kitambaa cha shela, nikafunga mlango, nikakijaribu mbele ya kioo. Nilijiona nimependeza na nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka ishirini nawatangazia watu kwamba mwenye cherehani hahitaji mume. Baba yako atanicheka mtaa mzima. Lakini si yeye niliyemwogopa. Nilikuogopa wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniamini.

Barua yako ya Februari ikafika, na yule Wa Kati wako asiyemhitaji mtu. Nikasema, haya, jibu limekuja lenyewe. Nikachukua mkasi nikaikata shela yangu vipande vyote. Dakika akaingia, akauliza nashona nini vidogo hivyo, akavuta kiti akaanza kukata uzi. Hajui mpaka leo kitambaa kile kilikuwa cha nini.

Waambie jopo ukweli. Ukikosa nafasi yako kwa ajili yangu sijui nitautazama vipi uso wako, lakini ukiipata kwa mistari miwili ya uongo wangu itakuwa mbaya zaidi. Kiti hapa kibandani kipo. Naomba usije kukikalia.

Nisamehe.

Shangazi yako


Maabara
Tarehe 17 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, dereva akiwa bado barabarani anapiga honi. Niliumia kidogo, sitaficha. Si kwa ajili ya vifuko. Niliumia kwamba ulikata shela yako kwa sababu ya mzaha wangu. Ule mzaha naomba unirudishie.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Nilimpelekea msimamizi ukweli, akatazama dirishani, nikaona nafasi yangu inatoka kwa dirisha lile lile. Kisha akaniuliza, "Ile miche ya ishirini na moja ilikuwa mingapi?" Nikarudi kwenye hadubini. Nilihesabu miche yote ya vifuko vya Mfupi, arobaini. Thelathini na saba ina kumi na nne: hiyo imetokana na chavua ya Mfupi mwingine iliyoletwa na nyuki. Mitatu ina ishirini na moja. Piga hesabu, Shangazi. Mfupi anatoa nusu yake, saba. Mrefu anatoa nusu yake, kumi na nne. Saba na kumi na nne. Nyuki alitoka kwa Mrefu, akamkuta Mfupi mlango wazi, nyinyi mko kwenye kikombe cha pili, na hapo akazaliwa Wa Kati. Yule tuliyemsifia kwamba hahitaji mtu, mama yake ni Mfupi na baba yake ni Mrefu, na tumewakuta wamefanya hivyo mteremkoni kwako. Hakuna kati yetu hapa maabara aliyewahi kuuona mche wa namna hiyo ukitokea.

Jopo lilikuwa la watu watano. Nikawaambia vifuko vilifunguliwa kila asubuhi na mtu aliyeyahurumia maua. Mmoja, mzito wa sura, akauliza kwa muda gani.

"Muda wa chai," nikasema.

"Chai ya muda gani?"

"Ilikuwa inarefuka."

Waliangua kicheko mpaka katibu akashindwa kuandika. Halafu wakapanga foleni kwenye hadubini, mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka tena. Yule mzito wa sura alihesabu kwa ncha ya kalamu, akafika ishirini na moja, akahesabu upya. Wamenipa nafasi, Shangazi. Lazima nirudie kwa utaratibu, kwa hiyo Februari nakuja mwenyewe na brashi, nipeleke chavua ya Mrefu kwa Mfupi kwa mkono wangu, na Dakika haruhusiwi kusogea karibu bila kibali.

Kwenye kifurushi hiki kuna vifuko vyako vyote. Nimefumua mishono, nimevifua, nimevipiga pasi ya uvuguvugu. Doa la zambarau kwenye kimoja ni kidole changu, halitoki. Ni vipande thelathini na sita. Kazi ya kuviunganisha naiacha kwa fundi. Kama jibu lako kwa Dakika limekuwa hapana, ufanye pazia. Lakini usiseme hapana kwa ajili yangu.

Baba nimemwandikia mimi, nimemkataza kucheka mpaka siku yenyewe.

Na Dakika nimwiteje?

Mimi mtoto wako


Kibandani
Tarehe 5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nililia, kisha nikafungua duka nikiwa nimechelewa, kisha nikalia tena mteja alipoondoka. Baba yako hakucheka. Alikuja kwa miguu yake, magoti na yote, akakaa kwenye kiti cha pili akasema mvua haitanyesha Septemba, kwa hiyo tupange Septemba. Februari ni mbali, siwezi kusubiri magugu yachanue.

Dakika nimemweleza kila kitu, pamoja na ile shela. Alivaa lenzi yake ya jichoni, akakitazama kipande kimoja kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe nilikuwa nafungua shela yako kila asubuhi." Nikamwambia amalize chai yake. Anasema umwite vyovyote, ila usimwite mzee. Hilo la nyuki amelisikia na sasa anajisifu mtaa mzima, hata watu wanaoleta saa za ukutani wanaambiwa habari za kromosomu.

Vipande nimeviunganisha vyote. Mshono wa kuunganisha unaonekana ukikaa karibu, na sikujaribu kuuficha. Doa lako la zambarau limeangukia juu ya sikio la kushoto.

Jambo moja. Ulifumua, ukafua, ukapiga pasi, lakini kwenye pindo la kipande kimoja nimekuta mbegu imeng'ang'ania. Uzi ulishatoka, kwa hiyo sijui ni ya Mfupi, ya Wa Kati au ya Mrefu. Nilitaka kuitoa, nikaiacha. Nimeshonea juu yake, itaingia nami harusini, na nikishaivua shela nitaipanda kwenye kopo hapa dirishani. Ukija Februari usiniombe uihesabu.

Shangazi yako